Mama Mwenye Nyumba wa Mjini Kati

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa hasemi "kwangu" wala "nyumbani". Alisema "mjini kati". Misa ikiisha aliwaaga wanawake wenzake nje ya kanisa: "Jamani, ngoja niwahi mjini kati," nao waliokuwa wakijiandaa kutembea hadi Chanji, pembeni ya mji, wakampisha njia. Akiulizwa hali, alitaja mtaa. Mtu akimwambia siku hizi maisha yamepanda, alijibu, "Huko kwenu. Sisi wa mjini kati tumeshazoea."

Nilipanga chumba kwake miaka ile ya ruksa, nikiwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi. Nyumba ilikuwa nyuma kidogo ya soko kubwa la Sumbawanga, ya tofali za kuchoma, bati lake limeshaiva kwa kutu. Marehemu mumewe alipoijenga, majirani walikuwa seremala, nesi na dereva wa serikali, watu wa kuombana chumvi. Kisha ruksa ikaja, biashara zikafunguliwa. Redio za kaseti, magodoro, marobota ya mitumba na sabuni za kila rangi vikaanza kushuka kwa malori kutoka mpakani Tunduma, na kila mwenye bidhaa alitaka mlango unaotazama soko. Seremala akauza, nesi akauza, dereva naye akauza, wote wakaenda kujenga Chanji. Yeye akabaki, upande huu duka la redio, upande huu ghala la mahindi.

Watu walidhani tunafaidi. Duka la redio lilipiga wimbo uleule tangu linafunguliwa mpaka linafungwa, ukuta wa chumba changu ukitetemeka. Panya wa ghala walikuja kwetu kunywa maji, na maji yenyewe tuliyanunua kwa ndoo. Pa kuanika nguo hapakuwepo. Ukianika mbele zinaibwa, ukianika uani zinapata moshi wa jenereta. Walimu wenzangu wa Chanji walichuma mboga nyuma ya nyumba zao. Mimi niliyekuwa jirani na soko nilisubiri jua lishuke, akina mama waanze kupunguza bei ya mafungu yaliyonyauka, ndipo nikaenda nimejifunika kanga hadi usoni, nikiomba nisikutane na mzazi wa mwanafunzi.

Kwetu ni Mtowisa, bondeni. Baba yangu aliwatangazia watu wote wa kule kwamba binti yake anakaa katikati ya mji, kwenye umeme. Umeme ulikuwepo, lakini balbu ya chumbani kwangu ilipoungua nilikaa na kibatari kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kila baba alipotuma salamu kwamba anataka kuja kunitembelea, nilimjibu kwamba shule ina mitihani. Naamini hiyo ndiyo sababu mimi na mama mwenye nyumba tulielewana. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini kila mmoja aliijua aibu ya mwenzake na kuitunza kama yake.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kutembea kifua mbele. Alivaa viatu vya kufunika hata uani, na mkoba hakuuacha hata akienda kumwaga majivu. Ndala aliziita viatu vya kuogea. Alikuwa na usemi wake ambao aliurudia kila nilipolalamika juu ya kelele au bei: "Mwalimu, mjini hatukai. Mjini tunaonekana." Alisema hivyo bila kucheka, kama anayenipa masharti ya kupanga.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyesoma Mbeya kisha akabaki hukohuko kujaribu biashara. Alijaribu vifaranga, akajaribu spea za baiskeli, akajaribu kuuza mbao. Kila biashara ya mwanawe ilipokufa, nyumba ilipungua chumba. Kwanza aliipangisha sebule, ile yenye mlango wa mbele. Aliyeichukua alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao. Aliuza sehemu ya ng'ombe wake akafungua duka la vitenge na mablanketi. Kijana mpole, mwenye heshima. Alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwaka haujaisha fedha yote imeshafika Mbeya.

Tangu hapo, mama mwenye nyumba akitaka kutoka alipita dukani. Mlango wa nyuma ulikuwepo, unaotokea kwenye kichochoro cha wauza mkaa, lakini hakuwahi kuutumia. Alisimama kwenye pazia lililotenga uani na iliyokuwa sebule yake, akakohoa.

"Hodi humo dukani."

"Shikamoo mama. Pita tu, pita."

"Marahaba. Una wateja?"

"Wapo, lakini pita."

Basi alipita katikati ya vitenge na mkoba wake, akiwasalimia wateja kama mwenye mali aliyekuja kukagua, na wateja wengi waliamini duka ni lake. Yule kijana hakuwahi kuwasahihisha. Nilimwona mara moja mteja akimwomba mama apunguziwe bei ya blanketi. Mama aligeuka, akamwambia kijana, "Mfikirie huyu." Kijana akapunguza. Mama alipokwisha kutokea barabarani, kijana aliniangalia, mimi nikaangalia chini.

Mwaka uliofuata kijana aliomba chumba cha pili kiwe stoo. Baadaye, mbao za Mbeya zilipokwama, aliomba na cha tatu, ambacho ndicho mama alichokuwa analala. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ile inayouma vidole. Nilitoka chumbani nikamkuta anabeba chaga za kitanda anavuka nazo uani kwenda jikoni, jiko lenyewe kibanda cha tofali kilichosimama peke yake pembeni.

"Nikusaidie, mama?"

"Shika huku. Nakipeleka kipate joto. Mbao zinaoza kwa baridi hii."

Tukakipanga kitanda kati ya mafiga na mtungi wa maji. Akakitandika vizuri, akaweka na kitambaa cha kudarizi juu ya mto. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita, joto likarudi, kitanda hakikutoka. Sikuuliza. Nyumba ilibaki na chumba kimoja tu cha kulala, nacho kilikuwa changu mimi mpangaji.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Alikuwa na ulimi mkali, na mkaa wake aliuhesabu kipande kwa kipande. Aliwacheka watu wa vijijini kwa jinsi walivyovuka barabara. Lakini uani aliweka madebe ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha, akajaza udongo, akapanda maharage. Jirani wa duka la redio alichungulia siku moja akauliza mama analima nini. "Maua haya," alijibu. Yalipostawi aliyachuma majani, akayapika kwa karanga, akaniletea kwenye bakuli. "Kula maua, mwalimu." Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Nilipougua malaria alinikalia siku zote za homa, akinipoza kichwa kwa kitambaa, akininywesha uji wa ulezi. Ulezi huo aliupata kwa dada yake wa kijijini Kate, na aliupima kwa kikombe kidogo, lakini wangu hakuupima.

Dada huyo alikuwa mkubwa kwake, mkulima. Alikuwa akituma vitu tu, hakuja mwenyewe. Siku moja mama mwenye nyumba alinigongea nimetoka shuleni, akaingia, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mwalimu, dada yangu anafika leo na gari la jioni."

"Akaribie tu."

"Atalala." Alikuwa anaangalia kitanda changu. "Naomba leo chumba hiki kiwe changu."

Nilielewa. Nilimwambia nitalala kwa mwalimu mwenzangu Chanji. Akanishika mkono, kisha akauachia haraka, akaanza kupanga. Tukatoa madaftari ya wanafunzi, tukaingiza picha yake ya ndoa na rozari yake kubwa. Picha ya baba yangu ilikuwa imepigiliwa ukutani na msumari wenye kutu, haikutoka. Tukaiacha.

Dada alifika na kiroba cha unga, maharage na kuku. Mwanamke mfupi, miguu imepasuka, anaongea taratibu. Walisalimiana Kifipa kwa muda mrefu, kisha kwa ajili yangu wakahamia Kiswahili.

"Huyu ni mwalimu, mpangaji wangu," mama akamwambia. "Anakaa chumba cha pili."

Chumba cha pili kilikuwa kimejaa mablanketi mpaka darini. Nilisema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama. Akazungusha macho chumbani, yakatua ukutani. "Na huyu baba ni nani?"

"Huyo?" Mama mwenye nyumba alikuwa anamimina chai. "Huyo ni jamaa wa marehemu. Upande wa mama yake."

Baba yangu alikuwa na paji la uso pana na nyusi zilizokutana. Mimi pia. Dada aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu nikingoja kukaribishwa kukaa, na baba yangu, ambaye nilikuwa nimemkataza kuja kwa uongo wa mitihani, alikuwa ukutani amegeuzwa ukoo wa watu wengine.

"Ana sura ya upole," dada akasema, akapokea chai.

Alilala usiku huo, asubuhi akaondoka na gari la kwanza, nami nikiwa nimewahi kurudi kuchukua madaftari. Akimuaga mdogo wake alisema, "Unalala pazuri, mdogo wangu." Mama mwenye nyumba alirudi uani, akavua viatu, akakaa kwenye kizingiti cha jiko bila kuvaa chochote miguuni. Siku ile hakunisalimia mpaka jioni.

Kilichomwangusha hasa ni jumuiya. Kila wiki wanawake na wanaume wachache wa jumuiya yetu walisali nyumbani kwa mwenzao mmoja, kwa zamu. Zamani zamu yake walikuwa wakisali sebuleni. Kijana alipoanza kupanga bidhaa hadi katikati ya chumba, mama aliwaambia uani kuna hewa nzuri zaidi. Tukaazima benchi kanisani, tukatandika meza kitambaa cheupe, tukaweka msalaba na mishumaa katikati ya madebe ya maharage. Watu walikaa wakisifu: mjini kati lakini kuna utulivu. Duka la redio lilikuwa limefungwa siku hiyo kwa bahati.

Tulikuwa katikati ya maombi mvua iliposhuka, mvua ya kwetu isiyotoa taarifa. Mishumaa ikazima mara moja. Watu wakainuka, na mlango uliokuwa karibu zaidi ulikuwa wa jikoni. Wakaukimbilia.

Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Mama mwenye nyumba alifika kabla yao, akageuka, akasimama mlangoni amenyoosha mikono yote miwili kushika miimo.

"Siyo huku! Nendeni chumba cha mwalimu! Cha mwalimu!"

"Mama, tunalowa, tupishe tu tujikinge," alisema mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye huruma nyingi.

"Kuna moshi humu. Mtaumwa macho. Mwalimu, wafungulie!"

Nikawafungulia. Wengi wakanifuata mbio. Lakini mwenyekiti na wengine wawili walikuwa wameshafika mbele yake, na yeye, pamoja na urefu wake, hakuweza kuuziba mlango wote. Kitanda kilikuwa palepale, kimetandikwa, kitambaa cha kudarizi juu ya mto, kanga zake zimetundikwa juu ya mafiga. Waliona. Mwenyekiti alishusha macho haraka, akasema, "Kweli, kuna moshi," ingawa jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi. Akageuka na wenzake wakaja chumbani kwangu. Tukamalizia sala tumebanana, wengine wamekaa kitandani. Mama mwenye nyumba aliimba kutoka mlangoni pake, ng'ambo ya uani, amelowa chapachapa, mikono bado imeshika miimo.

Hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo lililokuwa baya. Zamu zikazunguka, na ilipofika tena kwake, mwenyekiti alitangaza kanisani kwamba wiki hiyo watasali kwa familia nyingine. Walimaanisha wema. Walitaka kumpunguzia mzigo. Alirudi siku hiyo akapita dukani bila kupiga hodi, akaja kusimama mbele ya dirisha langu.

"Wameniruka," alisema.

"Labda wamechanganya tu zamu, mama."

"Hawakuchanganya. Wamenihurumia." Akauhamisha mkoba mkono wa pili. "Mtu wa mjini kati anahurumiwa na watu wa Chanji."

Kesho yake alimwita yule kijana wa duka, ambaye kwa miaka alikuwa akimwomba amuuzie nyumba nzima. Waliongea uani, nami nilikuwa nasahihisha madaftari dirishani, hawakujificha.

"Lete watu wako waandikishe," alimwambia. "Nauza."

"Mama, mimi sikufukuzi. Nikijenga, nitakuachia chumba huko nyuma. Utakaa bure mpaka mwisho wako."

"Bure?"

"Bure, mama."

"Nikae bure nilipokuwa napokea kodi? Niwe napiga hodi mpaka nife?" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Hapana, mwanangu. Wewe ni mtu mzuri, ndiyo maana siwezi."

Sikuona alivyohama. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa imetoka, narudi bondeni, Mtowisa, na nilishukuru kuwa na sababu. Siku naondoka alinisindikiza hadi kituoni akiwa na mkoba. Hakuniambia anakwenda wapi wala sikumuuliza.

Ilipita miaka mingi. Nilirudi Sumbawanga kwa semina ya walimu. Mahali pa nyumba ile palikuwa na ghorofa la vigae, chini maduka, juu ofisi. Yule kijana alikuwa ameota kitambi na mvi. Alinitambua, akaniletea kiti na soda, na nilipomuuliza habari za mama alionyesha kwa kidevu. "Yuko Chanji. Pita mashine ya kusaga, uliza nyumba ya kina dada wawili. Mimi humpelekea mafuta na sukari sikukuu. Anapokea, lakini hanikaribishi ndani."

Niliwakuta nje, yeye na dada yake wa Kate, wanapepeta maharage. Alikuwa amepungua, mgongo umeanza kuinama. Nilipiga magoti kumwamkia. Alinitambua kwa sauti kwanza, akaniita mwalimu, akaacha ungo, akanishika mashavu kwa mikono yenye vumbi.

Tulipokwisha kunywa chai, dada akawa anazungumza, na mazungumzo yakaenda kwenye nyumba ya zamani. Kisha mama mwenye nyumba akasema, akiwa anaangalia maharage, "Dada, siku ile uliyokuja, nilikudanganya. Kile chumba kilikuwa cha huyu. Mimi nilikuwa nalala jikoni."

Nadhani alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Alihitaji niwepo ili alitamke.

"Nilijua," dada akajibu.

"Ulijua vipi?"

"Nilikukumbatia pale mlangoni. Gauni lako la kanisani lilinuka moshi mpaka kwenye pindo. Mtu hanuki vile kwa kupika."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umenitandikia vizuri." Dada aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Nililia kwenye gari mpaka Kate. Niliona aibu. Nilikuwa nakutumia unga kiroba kimoja kwa mwaka, nikisema yule ni tajiri, yuko mjini."

Kuku walikuja wakadonoa karibu na miguu yetu. Mama mwenye nyumba alijifuta uso kwa kiganja, akabaki na vumbi shavuni, na mimi nikakaa pale nikiwaza juu ya baba, aliyefariki bila kuliona hata dirisha la chumba kile.

Niliinuka kuaga. Akaniuliza nimefikia wapi.

"Gesti."

"Gesti ipi?"

Nikaitaja. Ilikuwa ile iliyo karibu na soko, yenye bei ambayo mwalimu hawezi kuilipa bila kujinyima mwezi mzima. Nilikuwa na wenzangu wa zamani watatu au wanne mjini hapo ambao wangenilaza, na sikuwa nimemjulisha hata mmoja kwamba nimekuja. Sikutaka iwe midomoni mwa watu kwamba mwalimu ametoka bondeni kuomba malazi. Yote hayo sikuyasema. Alinitazama tu, na nikajua ameyasoma.

"Kachukue begi lako," akasema.

"Mama, nimeshalipa."

"Sijakuuliza kama umelipa. Kachukue begi."

Dada yake alikuwa ameshaingia ndani, nikamsikia anavuta godoro. Nilirudi mjini kwa miguu, jua linazama nyuma ya vilima. Binti wa mapokezi wa gesti aliniona nimeshika begi akashtuka, akaniuliza kama chumba kina kunguni au maji hayatoki. Nikamwambia chumba hakina tatizo lolote, ila nimepata pa kulala.